Nani Aandike Lugha za Rufiji?

Wako wenzetu wanaotuuliza: je, Kindengereko cha Kibiti, Kirufiji cha bondeni na Kimatumbi cha milimani upande wa Kilwa ni lugha tatu, au ni moja yenye matamshi matatu? Twajibu kwamba swali hilo tuliletewa na wageni. Guthrie, Mwingereza, alizitia katika fungu moja pamoja na Kingindo, akazipa namba, P.11, P.12, P.13, P.14, kama magunia ya pamba ghalani. Mtu wa delta hakungoja namba. Akivuka mto kwa mtumbwi kwenda kuposa ng'ambo, husikia maneno yamegeuka kidogo, hucheka, na posa ikaendelea.

Wakoloni ndio waliopenda kuhesabu makabila, maana kwa hesabu hiyo walitawala. Lakini mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale alipowaita watu Ngarambe, walikwenda Wamatumbi, Wakichi, Wangindo na wengineo, na maneno yake yaliwafikia wote. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti mwaka ule ule.

Kiswahili ni lugha yetu ya taifa na hatukubali kurudi nyuma. Hata hivyo, Kiswahili cha vitabuni kilitolewa katika Kiunguja, lahaja moja tu. Hakikushuka kutoka mbinguni, na bado chahitaji kuokota kwa jirani zake. Mzee wa Rufiji ana neno mlau, yaani kilimo cha baada ya mafuriko kushuka. Ndani ya neno hilo mna majira, udongo na elimu ya kusoma maji. Watoto wengi wa Kibiti leo wanakulia katika Kiswahili pekee. Mzee akizikwa, maneno mengi ya namna hii huzikwa naye.

Na walioandika ni nani? Kitabu cha sarufi ya Kimatumbi kilitolewa mwaka 1996 na Mmarekani, David Odden. Cha Kindengereko mwaka 2013 na Mswidi, Eva-Marie Ström. Twawashukuru kwa dhati, lakini vyote viwili ni vya Kiingereza, na mkulima wa Bungu akitaka kuviona hajui aende wapi. Twaona haya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, kazi njema, ila ramani si kamusi.

Walimu mlioko Kibiti, Ikwiriri na Nyamisati, daftari si ghali. Anzeni na wazee waliolala madunguni wakilinda mpunga, na anzeni kabla ya masika.