Ufunguo wa Ukurasa Uwe Mikononi mwa Nani?

Miongoni mwa vyombo vya kuhifadhi maarifa vilivyozuka katika zama za kompyuta, wiki ina sifa ya pekee: msomaji wake aweza pia kuwa mwandishi wake. Neno hili lisichanganywe na wiki ya siku saba. Asili yake ni lugha ya Hawaii, na maana yake ni haraka. Lilichaguliwa na Mmarekani Ward Cunningham alipoanzisha wiki ya kwanza mwaka 1995. Wikipedia, kamusi elezo iliyojengwa kwa njia hiyo, ilianza Januari 2001, na ile ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003.

Yafaa basi tujiulize: ikiwa kila mtu aweza kuandika, ni nani atakayeuzuia uongo? Na ikiwa baadhi ya watu watazuiwa, ni nani atakayeushika ufunguo? Wengi hudhani kwamba dawa ni kuongeza makufuli. Mimi naona kwamba kufuli lina kazi yake, lakini kinachoulinda ukweli hasa ni kumbukumbu iliyo wazi pamoja na macho mengi yanayoisoma.

Kwanza tutazame jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Katika MediaWiki, programu inayoiendesha Wikipedia, kila badiliko huhifadhiwa katika historia ya ukurasa, pamoja na tarehe, saa na alama ya aliyelifanya. Aliyeharibu hafuti kazi ya mwenzake, kwa kuwa toleo la awali hurejeshwa kwa muda mfupi tu. Haki nazo hupangwa kwa ngazi. Yuko mgeni, yuko aliyejiandikisha, yuko aliyekwisha kuaminiwa kwa muda na kazi yake, ambaye katika Wikipedia ya Kiingereza huhitaji siku 4 na mahariri 10, na yuko mkabidhi, mwenye uwezo wa kuufunga ukurasa au kumzuia mharibifu. Ukurasa wenye ugomvi waweza kufungwa kwa walio ngazi ya chini, huku wengine wakiendelea na kazi.

Kwamba mlango usio na bawabu una hatari, hapana shaka. Mwezi Mei 2005 mtu asiyejiandikisha aliandika kwamba mwandishi wa habari wa Marekani, John Seigenthaler, alishukiwa kuhusika katika mauaji ya akina Kennedy. Uzushi huo ulikaa miezi ipatayo minne bila kusahihishwa. Desemba mwaka huo Wikipedia ya Kiingereza iliwanyima wageni haki ya kuanzisha makala mapya.

Wapo watakaosema: basi tuwaachie wataalamu peke yao. Jaribio hilo lilikwisha kufanywa. Kabla ya Wikipedia palikuwa na Nupedia, iliyoanza mwaka 2000, ambamo kila makala ilipitia hatua saba za ukaguzi wa wataalamu. Ilipofungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika hazikufika 30. Hapo kufuli lilikuwa imara, lakini ghala lilibaki karibu tupu.

Hatari kubwa zaidi ni pale ufunguo unaposhikwa na wachache wasiohojiwa. Katika Wikipedia ya Kikroashia, kikundi kidogo cha wakabidhi kiliutumia uwezo wake kuipotosha historia kwa faida ya siasa kali za utaifa, na kuwazuia waliopinga. Mwaka 2013 waziri wa elimu wa Kroashia aliwaonya wanafunzi wasiitegemee, na mwaka 2021 shirika la Wikimedia lilitoa taarifa ndefu kuhusu upotoshaji huo. Tuangalie vema: walioharibu hawakuruka ukuta, bali ndio waliokuwa walinzi wa lango.

Mfano wa tatu watuhusu kwa karibu. Mwaka 2020 iligunduliwa kwamba zaidi ya makala 20,000 za Wikipedia ya Kiskoti ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo sawasawa. Hakuwa na nia mbaya. Aliendelea kwa miaka kwa sababu wenye lugha hawakuwapo kumsahihisha. Lugha isiyo na wahariri wa kutosha huandikiwa na yeyote apitaye, na hakuna kufuli liwezalo kulijaza pengo hilo.

Lakini kuona nako si jambo dogo. Shule inayotaka wiki yake yenyewe ijue kwamba MediaWiki iliundwa kwa ajili ya uwazi, na watengenezaji wake wenyewe huonya kwamba haikukusudiwa kuficha ukurasa mmoja mmoja. Maneno ya ukurasa uliofichwa yaweza kuchungulia kupitia utafutaji, au kupitia ukurasa mwingine unaoyaingiza. Kwa hiyo mitihani, alama na habari za afya za wanafunzi zisiwekwe humo kabisa. Zihifadhiwe mahali palipojengwa kwa ajili ya siri. Yaliyobaki, yaani masomo, majaribio ya sayansi na istilahi, yasomwe na wote.

Nawashauri walimu wawafundishe wanafunzi kufungua historia ya ukurasa kabla ya kuuamini: nani aliandika, lini, na nani alimpinga. Kisha wasiishie katika kusoma. Darasa la baiolojia laweza kusahihisha makala moja ya Kiswahili kila muhula, kwa kutaja vitabu linavyovitegemea. Kazi hiyo haihitaji kibali cha mtu. Tukingoja wageni watuandikie, tusishangae siku tutakapokuta ufunguo wa lugha yetu u mikononi mwa asiyeijua.