Mikwaruzo kwenye bunduki za bei nafuu: ni kasoro au ni alama za kazi?

Aprili 2021, Rais Uhuru Kenyatta alipofungua kiwanda cha kuunganisha bunduki huko Ruiru, tuliambiwa kina uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka kwa gharama nafuu. Hapo kwenye "nafuu" ndipo watu huguna. Askari anayelinda barabara za Lamu akikabidhiwa silaha yenye chuma kilichoparuzika, ana haki ya kuuliza: hii ni mbovu, au haikung'arishwa tu?

Marekani swali hilo ni la kila siku, kwani raia kule hununua vipande vya bunduki za AR-15 kimoja kimoja na kujiunganishia. Ushindani umeshusha bei, na kazi ya kwanza kupunguzwa ni ile ya mwisho, kusugua na kung'arisha. Mnunuzi hufungua kisanduku akakuta mistari ya kisu cha mashine, au mshono pale kalibu mbili zilipokutana wakati wa kufua alumini. Hukasirika, na mara nyingi hukasirika bure. Ukitazama mataruma ya jahazi Lamu utaona alama za tezo waziwazi. Fundi hana habari nazo. Kinachomkosesha usingizi ni kalafati.

Kwenye bunduki, kalafati ni sehemu chache. Ya kwanza ni chemba ya risasi. Risasi ikilipuka, ganda lake la shaba hutanuka na kubana ukuta. Ukuta ukiwa na makwaruzo, ganda hung'ang'ania na bunduki hukwama. Nyingine ni ncha ya mtutu, ambapo pengo dogo tu huipeleka risasi kombo, na meno ya komeo yanayobeba nguvu yote ya mlipuko. Mistari iliyonyooka sambamba kwenye komeo kwa kawaida ni nyayo za mashine. Mstari unaopindapinda, hasa ukianzia kwenye kona au tundu, huenda ni ufa. Jicho halitoshi hapo: viwanda makini hutumia sumaku na unga wa chuma kufichua nyufa, na geji kupima nafasi kati ya komeo na chemba.

Kwetu Pwani kuna jambo jingine ambalo mtu wa bara huenda asilifikirie. Mkwaruzo uliofunikwa na rangi ya kinga ulikuwepo kabla ya kupakwa, na chuma kimehifadhika. Uliotoboa rangi hadi chuma kikaonekana ni mlango wa kutu, na hewa ya chumvi haisubiri. Huo wa pili ndio wa kurudisha, hata ukiwa mdogo.

Wanaodhani sura nzuri ni dhamana wakumbuke M16 kule Vietnam. Ilikuwa nyepesi na nadhifu, lakini chemba zake za mwanzo hazikupakwa kromu, baruti ilibadilishwa, na askari wengi walikosa vifaa vya kuisafisha. Zilikwama vitani, watu wakafa, na mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani ikawalaumu waliosimamia mradi huo. Sten ya Waingereza, kwa upande wake, ilikuwa mabomba na vyuma vilivyochomelewa ovyo kwa macho. Ilitengenezwa kwa mamilioni na ikapigana hadi mwisho wa vita. Ilikuwa na udhaifu kweli, ila ulikuwa kwenye magazini, si kwenye ule uchomeleaji uliochekwa.

Kwa hivyo wabunge wetu wakizuru Ruiru, wasitosheke kupiga picha na bunduki zilizong'arishwa kwa ajili ya wageni. Waombe matokeo ya geji na ya majaribio ya kufyatua. Waulize pia, katika kila mia, ni ngapi zilirudishwa karakanani, na kwa sababu gani.