Maumivu ni Vidole Vingapi?

Mtu wa Kariakoo akiulizwa hali hujibu, "Namshukuru Mungu," hata kama mgongo unamwaka tangu alfajiri. Shukrani ni njema. Lakini muuguzi akikuuliza maumivu ni kiasi gani, jibu hilo halimsaidii kukupa dawa.

Kipo kipimo cha mkono, hakihitaji kujua kusoma. Ngumi: huna maumivu. Kidole kimoja: kidogo. Vidole vitano: makali kupita yote. Baada ya dawa unaulizwa tena. Vikishuka kutoka vinne hadi viwili, dawa inafanya kazi. Visiposhuka, tiba huangaliwa upya. Kwa maumivu makali ya saratani, Taasisi ya Saratani Ocean Road hutumia mofini ya kunywa. Lakini kipimo cha dawa hiyo hufuata maneno ya mgonjwa.

Wapo wanaosema kunyamaza ndiyo imani. Bartimayo alijulikana kuwa kipofu, bado Yesu alimuuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10). Na msalabani Bwana mwenyewe alilia kwa sauti kuu.

Leo baada ya ibada, ukimtembelea mgonjwa, usianze kwa kumwambia avumilie. Muulize, "Vidole vingapi?" Kisha mwombee, na umsindikize akamwambie muuguzi.