Msituni Hakuna Muda Unaopotea

Wanaodai kwamba kuwapeleka wanafunzi wa mjini msituni ni matembezi yanayokula muda wa mtihani wamekosea pakubwa.

Karura, msitu wa hekta zipatazo 1,000 ndani ya Nairobi, ni darasa tosha. Mtoto aliyekariri mmomonyoko wa udongo huuona kwa macho: ukingoni mwa mto maji yamekula ardhi, mizizi imebaki wazi, ilhali hatua chache pembeni majani makavu yameushika udongo uleule. Hapo maswali humtoka bila kushurutishwa.

Na watu wazima je? Nao wana historia ya kusimulia hapo. Januari 1999 mtetezi wa mazingira Wangari Maathai alipigwa na kujeruhiwa kichwani hapo Karura, alipokwenda kupanda mti kupinga unyakuzi wa ardhi ya msitu. Mzazi amsimulie mwanawe hayo papo hapo, wakitembea.

Shule zitenge siku moja kila muhula, na nauli ya basi iingie kwenye bajeti.