Kitabu cha Jirani

Yuko mtu asomaye kitabu ili ajirekebishe, na yuko asomaye ili amshinde mwenziwe. Hao wawili waweza kufungua ukurasa mmoja na wasiwe wamesoma jambo moja.

Twaanza hivi kwa sababu wengi wetu hapa pwani Biblia ya jirani twaijulia uwanjani tu, katika ile mihadhara iliyoshika kasi tangu miaka ya 1980. Kipaza sauti chalia, mhubiri ataja sura na aya mbio mbio kama mnadi wa sokoni, na waliohudhuria wapiga makofi kana kwamba wako mpirani. Na sisi Waislamu hatukubaki nyuma. Wapo kwetu walioihifadhi Biblia kwa aya kumi na tano za kubishania, wala ya kumi na sita hawaijui. Mtu wa namna hiyo, awe wa upande gani, hajui lolote juu ya imani ya mwenziwe.

Mkristo anayetaka kitabu chake kimlee hasomi hivyo. Aghalabu huamka kabla ya kucha, akasoma kidogo, akanyamaza, akaomba, kisha akaenda kazini. Kesho yake huendelea pale alipoachia. Biblia ya Waprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189. Akisoma sura tatu au nne kila siku, ataimaliza kwa mwaka. Wengi hufuata kalenda maalumu. Mojawapo iliyo mashuhuri ilitungwa mwaka 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa mji wa Dundee kule Scotland, aliyewapangia waumini wake sura za kusoma faraghani na nyingine za kusoma na jamaa zao. Mwaka uliofuata alifariki, hajatimiza miaka 30, lakini kalenda yake ingali inatumika. Wakatoliki, ambao Biblia yao ina vitabu 73, wana desturi ya kale zaidi waliyoirithi kwa watawa: kusoma kifungu kifupi pole pole, kukitafakari, kukigeuza kuwa dua, na mwisho kutulia kimya mbele ya Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwahimiza waumini wote mwaka 1965, si mapadri peke yao, wayasome Maandiko mara kwa mara.

Kazi hii si nyepesi. Wenyewe husema kwa kicheko kwamba wengi huanza Januari kwa nguvu, wakafika katika Mambo ya Walawi, penye sheria za kafara na ukoma, wakakwama. Nasi tucheke nao, ila tukumbuke safu za misikiti yetu usiku wa kwanza wa Ramadhani, na zilivyo usiku wa kumi na tano.

Anayevumilia hukutana na mengi asiyoyachagua. Mbishani hujitafutia aya impendezayo. Msomaji wa kila siku hana hiari hiyo. Leo ataisoma Zaburi ya kumliwaza, kesho atamkuta nabii Amosi akiwakemea wanaowapunja maskini kwa mizani ya hila. Na kama yeye ni mwenye duka, mizani ile iko mezani pake. Huko ndiko kukua kiroho wanakokusema.

Tusipolielewa jambo hili twaumizana bure. Katika nyumba zetu za Kiswahili, vyumba sita na ukumbi mmoja, mpangaji Mkristo akisoma kwa sauti alfajiri, jirani husema, "Huyu ananihubiria mimi." Yaanza manung'uniko, kisha watoto wakatazwa kucheza pamoja, kisha watu hawaamkiani. Na huenda maskini yule alikuwa akijisomea nafsi yake, kwa kuwa jana alimtukana mkewe au alikopa asilipe. (Naye apunguze sauti, ukumbi ni wa wote.)

Hatusemi Mwislamu auweke msahafu kando akasome Biblia. Hitilafu iliyopo baina ya dini hizi ni kubwa, na adabu haiifuti. Lakini kusoma kidogo kila siku kwa kutaka maana ni jambo tulijualo, na pengine tumelilegeza. Tangu mwaka 1969 tuna tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili, kazi ya marehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Ni wangapi kati yetu, wenye kukhitimu juzuu 30 kila Ramadhani, ambao ukiwakuta mwezi wa Shawwal waweza kukueleza maana ya sura moja ndefu?

Tena kitabu cha jirani si kigeni kwetu kama tunavyodhani. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, na ndani yake mna sala, toba, dhambi, rehema na malaika, maneno yaliyozoeleka vyuoni mwetu kabla ya mmisionari kutia nanga.

Twapendekeza, basi, wenye kuandaa mihadhara waanze na sharti moja dogo: kila msemaji, kabla ya kutaja aya ya kitabu cha mwenziwe, aisome mbele ya watu sura nzima ilimotoka, tangu mwanzo hadi mwisho.