MAJI HAYATUNZI ALAMA

Uwanja wa mpira una mistari ya chokaa na barabara ina kingo, lakini maji hayatunzi alama. Mashua mbili zikigongana baharini, dakika moja baadaye mawimbi yamekwisha kufuta kila kitu, na kinachobaki ni maneno ya manahodha wawili, kila mmoja akiapa kwamba njia ilikuwa yake. Hilo ndilo tatizo linalowakabili waamuzi wa mashindano makubwa ya kimataifa ya mashua za tanga. Ingawa Ifakara iko mbali na bahari, tatizo hilo ndilo linalowakabili pia wajumbe wa mabaraza katika Bonde la Kilombero. Huko mto hufurika wakati wa masika, ukafunika mashamba ya mpunga na mapito ya ng'ombe. Na maji yanapopungua, mpaka uliokuwa dhahiri mwaka uliopita huwa umegeuka chanzo cha ugomvi. Kwa hiyo inafaa kuchunguza jinsi waamuzi wa baharini wanavyotafuta haki mahali pasipo na alama.

Katika mashindano hayo, yakiwamo ya Michezo ya Olimpiki, jopo la waamuzi la kimataifa huwa na watu wasiopungua watano, wenye ujuzi wa mchezo huo, na kwa kawaida hawazidi wawili kutoka nchi moja. Nahodha anayeona amedhulumiwa hasubiri kufika nchi kavu ndipo aanze kunung'unika. Hupaza sauti pale pale kumjulisha mwenzake kwamba anampinga, na kama mashua yake ni kubwa hupandisha bendera nyekundu. Akifika pwani huandika malalamiko yake, kwa kawaida kabla ya kupita muda wa saa mbili tangu mashua ya mwisho ilipomaliza. Aliyekosa naye amefunguliwa mlango: katika makosa mengi anaweza kukiri papo hapo kwa kuizungusha mashua yake mara mbili, akapoteza muda kidogo, kisha akaendelea na mbio.

Jopo huketi mara nyingi siku ile ile. Pande zote mbili zina haki ya kuwapo wakati wote ushahidi unapotolewa. Kila upande husikia unachosema upande wa pili na huuliza maswali. Vijimashua vidogo huwekwa mezani, na nahodha huvisogeza kuonyesha upepo ulitoka wapi na nani alistahili kupisha. Mwamuzi mwenye maslahi katika shauri haketi. Na mwamuzi aliyeliona tukio kwa macho yake haruhusiwi kuficha ujuzi huo moyoni akautumia faraghani. Ni lazima aueleze mbele ya wahusika. Mwishoni jopo hutamka limegundua ukweli gani, kanuni ipi imevunjwa, na kwa nini limeamua hivyo.

Jopo la namna hiyo halipo kwa ajili ya kuadhibu tu. Tarehe 24 Septemba 1988, huko Pusan, Korea ya Kusini, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa wa pili katika mbio zake za Olimpiki alipowaona mabaharia wawili wa Singapore wakiwa hatarini, mashua yao imepinduka. Aliacha njia yake akaenda kuwaokoa, na aliporudi katika mbio wengi walikuwa wamempita. Waamuzi walilipima jambo hilo, wakampa nafasi ya pili aliyokuwa nayo kabla ya kugeuza mashua. Kanuni nzuri haimfanyi mtu ajute kwa kutenda wema.

Sasa litazamwe Bonde la Kilombero. Hili ni ghala la mpunga, na mwaka 2002 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, eneo la karibu kilomita za mraba 8,000. Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga wamelima na kuvua humo kwa vizazi. Katika miongo ya karibuni wamefika wafugaji, wakiwamo Wasukuma na Wabarbaig, pamoja na ng'ombe wao. Wote ni Watanzania, na kila upande una hoja. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. Operesheni ni dawa ya mwisho, nayo ni chungu. Busara inataka mashauri yasikilizwe kijijini yangali madogo, kabla hayajadai nguvu.

Vyombo vya kuyasikiliza vipo. Sheria ya Mabaraza ya Kata ilipitishwa mwaka 1985. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta baraza la ardhi la kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa: mabaraza ya kata yakaondolewa mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi, yakaachiwa kazi ya kusuluhisha, na usuluhishi huo ukawekewa siku 30.

Wako wanaosema kwamba tangu hapo mabaraza hayana meno, kwa hiyo hayana maana. Hao wanakosea. Msuluhishi asiye na rungu hana silaha nyingine ila kuaminiwa, na haaminiwi asiyefuata utaratibu. Mjumbe ambaye shamba la nduguye limo katika ugomvi ajitoe mwenyewe, maana mwamba ngoma huvutia kwake. Kiongozi aliyekwisha kwenda shambani peke yake akaona la kuona, alieleze baraza mbele ya mkulima na mfugaji, si pembeni. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wamevunja uzio apewe nafasi ya kukiri siku ile ile na kulipa kilichoharibika, badala ya kuburutwa kutoka ofisi moja hadi nyingine. Na mkulima aliyeruhusu mifugo ipite shambani mwake kwa huruma, mwaka ambao maji yamefunga mapito mengine, asije akaambiwa msimu unaofuata kwamba kwa ruhusa ile amepoteza mpaka wake.

Hapana shaka, si kila kanuni ya baharini inafaa kuletwa bondeni. Uamuzi wa jopo la kimataifa lililoundwa kwa utaratibu haukatiwi rufani, kwa sababu medali haiwezi kungoja. Ardhi si medali. Ibara ya 13 ya Katiba inampa mwananchi haki ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufani, na haki hiyo isiguswe. Lakini rufani nayo huhitaji kumbukumbu. Mpunga uliolishwa na ng'ombe mwezi Aprili hauwezi kukadiriwa mwezi Septemba, wakati shamba limekwisha kuwa majani makavu. Kama ofisa mtendaji hakuandika siku ile, na bwana shamba hakupima hasara siku ile, baraza la juu litaletewa viapo viwili vinavyopingana na uwanda mtupu.

Kazi hiyo ni ya watumishi wa umma, na msingi wake huwekwa shuleni. Mwalimu anayeshika filimbi katika michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA anawafundisha vijana jambo kubwa kuliko mpira. Akiipendelea shule yake, amewafundisha kwamba mwamuzi hununuliwa. Akieleza kosa na kanuni yake, amelea mjumbe wa baraza wa kesho. Chama nacho, ambacho kimerithi Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliokemea kiburi cha viongozi, kina wajibu wa kuwakumbusha wanachama wake walio katika mabaraza kwamba kiti kile ni dhamana.

Mto Kilombero utafurika tena, utafukia mifereji na kung'oa vigingi. Lakini maelezo yaliyoandikwa mapema, yakasomwa hadharani na kutiwa sahihi na pande zote mbili, hayo maji hayawezi kuyafuta. Kila kijiji cha bonde kiwe nayo kabla ya masika.