Usipake rangi juu ya ufa

Mzazi, leo kabla hujawasha gari la kupeleka watoto shule, inama uangalie magurudumu. Kwa mashimo yetu, matuta yasiyo na alama na kingo za zege pembeni mwa barabara, ni magari machache ambayo rimu zake hazijachubuka. Wengi wanatamani kuzirudisha katika hali nzuri bila kumlipa fundi rangi, na inawezekana. Wikiendi moja, nyumbani, inatosha.

Ila kuna swali la kujibu kabla ya kununua kopo la rangi: rimu yako imechubuka, imepinda au imepasuka? Mchubuko ni suala la sura, na huo unaweza kuumaliza mwenyewe. Rimu iliyopinda ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kunyoosha. Iliyopasuka inatolewa kwenye gari, basi. Rangi haishiki chuma kilichoachana. Inachofanya ni kukuficha ufa usiuone unavyokua.

Utaijuaje? Vua gurudumu, lioshe kwa maji na sabuni mbele na nyuma. Usiishie upande unaoonekana, maana rimu ikigonga shimo mara nyingi huumia ukingo wa ndani. Tairi likiwa na upepo, paka povu la sabuni kuzunguka rimu. Viputo vikitokea mahali kwenye chuma chenyewe, hapo pana ufa. Zipo dalili nyingine: tairi linapungua upepo kila wiki na fundi pancha haoni tundu, au usukani unatetemeka mwendo ukiongezeka hata baada ya kubalansi. Ukiona hivyo, mpelekee fundi kwanza.

Utasikia ushauri wa kuchomelea ufa. Kwa rimu za aloi, zile tunazoziita za spoti, usikubali. Aluminiamu yake hupewa nguvu kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa kuchomelea huondoa nguvu hiyo kuzunguka mshono, na rimu inaweza kupasuka tena pembeni yake.

Ikiwa ni mchubuko tu, endelea hivi. Fanya gurudumu moja moja huku tairi la akiba likishika nafasi yake, ili gari lisibaki juu ya jeki. Sugua palipochubuka kwa msasa namba 120, kisha 240, umalizie na 400 mpaka kidole kisihisi ngazi. Palipo na kishimo kidogo weka puti ya chuma, iache ikauke, sugua tena. Puti inajaza tu, haiongezi nguvu. Kishimo kikiwa kirefu, hiyo si kazi ya puti.

Futa vumbi na mafuta kwa kitambaa chenye tina kidogo. Ziba tairi na kipira cha upepo kwa gazeti na selotepu ya karatasi. Pulizia praima tabaka jembamba mara 2 au 3, ukisubiri kila moja ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kisha rangi ya rimu kwa namna hiyohiyo, na mwisho klia. Shika kopo umbali wa sentimita 20 hadi 30 na usitulie sehemu moja, la sivyo rangi itachuruzika. Iache saa 24 kabla ya kulifunga gurudumu.

Mahali pawili usipapake: matundu yanapokaa nati, na ile sehemu bapa ya nyuma inayoegemea habu ya gari. Rangi nene hapo husagika kadiri gari linavyotembea, na nati zinalegea.

Sasa watoto. Kazi hii ifanyike nje, penye upepo, mbali na jiko na moto wowote, kwa sababu mvuke wa tina na rangi unawaka. Vaa barakoa na miwani. Mama mjamzito na watoto wakae mbali mpaka harufu iishe. Na tafadhali, usihifadhi tina kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo. Akinywa, usimlazimishe kutapika, maana ikipanda inaweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize hospitali pamoja na chupa yenyewe. Mtoto pia asikaribie gari lililo kwenye jeki, na yeyote asiingie chini yake.

Wakati wa kufunga, kaza nati kwa kuvukana, si kwa kufuatana, ili rimu ikae sawa. Malizia kukaza gari likiwa limeshuka chini, kwa kipimo kilichotajwa kwenye kitabu cha gari kama una spana ya kupimia. Ukitembea kilomita 50 hadi 100, zikague tena.

Ushauri huu ukufuate hata dukani. Rimu ya mtumba iliyopakwa rangi mpya inayong'aa, geuza uangalie upande wa ndani kabla ya kutoa fedha, na mwombe muuzaji aruhusu fundi aizungushe kwenye mashine. Akikataa, iache. Rimu yenye makovu unayoyaona ni afadhali kuliko nzuri usiyojua kilicho chini ya rangi yake, hasa pale viti vya nyuma vinapokaliwa na wanao.